Kidonda Kimefunga, Mbona Bado Kinauma?

Mama mdogo wangu alipasuliwa wakati wa kujifungua mtoto wake wa mwisho. Kidonda kilifunga vizuri, nyuzi zikatolewa, na yule mtoto sasa anatembea na kuiba sukari. Lakini mpaka leo, zaidi ya mwaka umepita, upande wa kulia wa lile kovu bado unamuuma. Hawezi kukaza kitenge kiunoni. Akienda mjigo na kurudi na ndoo ya lita 20, jioni analala chali na hataki kuongea na mtu.

Pale kwetu kila mtu ana maelezo yake. Jirani mmoja anasema wamesahau mkasi tumboni. Mwingine anasema amerogwa na watu wa huko nyumbani Kivu. Wa tatu ni kijana mwenzangu tunayefanya naye kazi, na yeye aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama anatafuta karatasi ya daktari ili kesi yake ya kwenda nchi ya tatu isogee.

Na mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Tulipelekwa Lilongwe kwa rufaa, tukapanda gari alfajiri, tukakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Njaa ilikuwa inanimaliza. Tulipoingia, mama mdogo akaanza kueleza: "Mwanangu, mwambie hapa panawaka. Nguo ikigusa tu, ninasikia moto, kama mtu ameweka pilipili ndani. Lakini ukifinya pembeni, sisikii kitu, pamekufa." Mimi nikageuka, nikasema kwa Chichewa neno moja tu, kwamba panauma kidogo. Tukapewa Panado, tukarudi nyumbani.

Nilifikiri nimefanya kazi yangu. Baadaye nilianza kusoma na kuuliza, ndipo nikaelewa kwamba yale maneno niliyoyaacha njiani ndiyo yaliyokuwa habari yenyewe. Ndiyo maana naandika hii. Maumivu yanayobaki baada ya kisu yana historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imetokea huku kwetu.

Tuanze Bunyoro, Uganda. Mwaka 1879 msafiri Mwingereza anayeitwa Robert Felkin alikuwa mahali panapoitwa Kahura. Huko aliona waganga wa Bunyoro wakimpasua mwanamke wa kama miaka 20 aliyeshindwa kujifungua mtoto wake wa kwanza. Aliandika alichokiona, na maandishi yake yakachapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke alipewa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Mganga akaosha mikono yake kwa pombe hiyo hiyo, akaosha na tumbo la mama. Akapasua haraka, msaidizi akazuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa. Ngozi ikafungwa kwa vyuma saba vyembamba kama misumari, vikazungushiwa kamba ya gome la mti. Juu yake wakapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, wakafunika na jani la mgomba, wakafunga na kitambaa cha gome.

Felkin anasema mpaka vile vyuma vinamaliza kuwekwa, yule mama hakuwa ametoa kilio. Vyuma vilianza kutolewa siku ya tatu, cha mwisho siku ya sita. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto wote walikuwa hai. Wakati ule hata Ulaya kwenyewe wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Kwa hiyo hii ni historia ya kujivunia.

Lakini angalia habari inaishia wapi. Inaishia siku ya 11. Felkin aliondoka. Hakuna aliyerudi baada ya mwaka mmoja kumuuliza yule mama kama anaweza kuinama, kubeba kuni, au kulala upande anaoutaka. Na tabia hiyo haikuisha na Felkin. Kwa muda mrefu sana, duniani kote, habari za upasuaji zimeandikwa hivyo: mgonjwa alipona au alikufa. Yule aliyepona huku anaumia hakuwa na ukurasa wake.

Upande wa wazungu, shida waliyohangaika nayo kwanza ilikuwa maumivu ya kwenye meza. Tarehe 16 Oktoba 1846, huko Boston Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa etha, na daktari akakata uvimbe shingoni bila mgonjwa kupiga kelele. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Haikuchukua muda ikafika huku Malawi: mwaka 1876 daktari mmisionari Mskoti, Robert Laws, alipasua mgonjwa kwa klorofomu Cape Maclear, kule kusini mwa ziwa. Yaani miaka mitatu kabla ya yule mama wa Kahura, kwenye ziwa hili hili tunalolisikia kila siku, mtu alikuwa ameshalazwa usingizi wa dawa.

Kuanzia hapo watu wakaamini tatizo la maumivu limekwisha. Mgonjwa analala, anakatwa, anashonwa, anaamka. Anayelalamika baadaye anaambiwa mambo mawili: ama hajapona vizuri, ama anajifanya.

Vita ndiyo iliyoanza kubadilisha mawazo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, daktari Silas Weir Mitchell alifanya kazi Philadelphia katika hospitali ya askari walioumia neva. Neva ni ile mishipa ya fahamu, nyuzi zinazopeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Aliona mambo mawili. La kwanza, askari aliyekatwa mguu anaweza kuendelea kuusikia mguu ule, vidole vinajikunja, kisigino kinauma, na mguu wenyewe haupo. Mwaka 1871 alilipa jambo hilo jina linalotumika mpaka leo, kiungo mzimu. La pili, askari ambao risasi ilipita karibu na neva walikuwa na maumivu ya kuwaka hata kidonda kikishakauka. Wengine hawakuvumilia kuguswa na nguo. Walitembea na kitambaa kilicholowa maji, na mmoja alimwaga maji ndani ya viatu vyake.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Mama mdogo anafanya hivyo hivyo. Mchana wa joto analowesha kipande cha kitenge anakiweka kwenye kovu. Hajawahi kusikia habari za Mitchell. Mwili wake tu umemfundisha.

Mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, waliandika wazo ambalo naweza kulieleza kwa mfano wa lango la kambi. Habari za maumivu zinatoka mwilini, zinafika kwenye uti wa mgongo, na pale kuna kama lango. Lango linaweza kufunguka zaidi au kujifunga kidogo. Ukijigonga goti unalisugua, na kusugua kunasaidia kwa sababu habari ya mguso inabanana na habari ya maumivu pale langoni. Ubongo nao unatuma amri kutoka juu. Hofu, kukosa usingizi na mawazo mengi vinaliachia lango wazi. Utulivu na usingizi vinalifunga kidogo. Sayansi imeongeza mengi tangu hapo, lakini wazo kubwa limebaki: kipimo cha maumivu hakilingani na ukubwa wa kidonda. Na neva zikipokea habari za maumivu kwa muda mrefu zinakuwa kama kengele iliyoharibika. Mwizi ameondoka, kengele bado inalia. Kengele hiyo si uongo. Mwenye nyumba kweli hapati usingizi.

Sasa tujiulize, mbona madaktari walichelewa kuhesabu watu wa namna hii? Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walitoa ripoti ya wagonjwa 5,130 waliokuwa wakihudhuria kliniki 10 za maumivu sugu, Scotland na kaskazini mwa England. Walikuta zaidi ya mmoja kati ya watano maumivu yake yalichangiwa na upasuaji. Baada ya hapo hesabu zikaongezeka. Mwaka 2006 makala moja kubwa ya kitabibu ilikadiria kwamba baada ya kuzaa kwa kupasuliwa, au baada ya kupasuliwa ngiri, karibu mtu 1 kati ya 10 anabaki na maumivu ya muda mrefu. Kwa waliokatwa kiungo ni 3 mpaka 5 kati ya 10. Wengi wao maumivu ni ya kuvumilika, wachache ni makali. Mwaka 2019 nchi za Shirika la Afya Duniani zilikubali orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022, na ndani yake maumivu sugu ya baada ya upasuaji yamepewa nafasi yake yenyewe. Yakizidi miezi mitatu tangu kupasuliwa, na sababu nyingine zikachunguzwa zikakosekana, hilo ni tatizo lenye jina.

Kwa hiyo, ndugu jirani, mkasi unaweza kusahaulika tumboni kweli, imeshatokea duniani, na daktari anatakiwa kuchunguza. Lakini mara nyingi hakuna mkasi. Neva ndogo imekatwa au imebanwa na kovu, basi.

Historia yetu sisi wa Kongo nayo ina neno hapa. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Daktari mkuu wa pale alikuwa Denis Mukwege. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Watu wengi wanajua Panzi kwa upasuaji wa wanawake waliofanyiwa ukatili. Lakini kisu pekee hakikutosha. Panzi wakaweka vitu vinne pamoja: matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa sheria, na msaada wa kujitegemea kimaisha. Mtu ambaye mwili umeshonwa lakini hana pa kulala kwa amani, bado hajapona. Hilo Bukavu walilijua kwa kazi yao.

Na Uganda tena. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, Kampala. Walichanganya unga wa mofini na maji, dawa ya kunywa ya bei ndogo, kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakifa kwa maumivu. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu manesi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo waandike mofini wenyewe, kwa sababu madaktari hawakutosha. Hapa Malawi nako kuna kituo cha Ndi Moyo, Salima, kinachofanya kazi ya kutuliza maumivu ya wagonjwa wa namna hiyo. Sisemi mama mdogo apewe mofini. Dawa hiyo siyo jibu la kwanza kwa kovu linalouma mwaka mzima, na inaweza kumfunga mtu. Ninachosema ni kwamba nchi masikini, za huku huku, zilishaonyesha kuwa maumivu ni kazi ya hospitali.

Tuwe wakweli pia kwa upande wa wanaotutibu. Malawi ilianza kufundisha maafisa tabibu, wale tunaowaita kliniko ofisa, mwaka 1976. Chuo cha madaktari kilikuja 1991. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliangalia akina mama 2,131 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa dharura wa uzazi, katika hospitali 38 za Malawi. Asilimia 88 walipasuliwa na maafisa tabibu, na matokeo yao yalilingana na ya madaktari. Hao ndio wameokoa mama zetu. Lakini mtu mwenye foleni ndefu mlangoni atamsikiliza mgonjwa dakika chache. Zile dakika chache, kama mkalimani ni mvivu kama mimi nilivyokuwa, zimepotea.

Hapa ndipo naongea na wenzangu tunaokalimani. Kiswahili kina maneno mengi ya maumivu: kuuma, kuchoma, kuwaka, kuwasha, kukata, kuvuta, kupwita, kufa ganzi. Chichewa nacho kinayo: kupweteka ni kuuma kwa jumla, kuwotcha ni kuunguza, kubaya ni kuchoma kama sindano, na dzanzi ni ndugu kabisa wa ganzi yetu. Kila neno linampeleka daktari njia yake. Kuwaka, kuguswa na nguo kukaleta moto, na ganzi pembeni, ni dalili za neva. Kupwita na joto na uvimbe ni dalili za usaha. Ukiyageuza yote kuwa "panauma", umemfunga daktari macho.

Na wewe mgonjwa, kabla ya kwenda, andika au omba mtoto akuandikie kwenye kitabu chako cha afya au karatasi: panauma wapi hasa, kwa kidole kimoja, panauma vipi, tangu lini, nini kinazidisha, nini kinapunguza, na kazi gani huwezi kufanya tena. Hiyo ya mwisho ina nguvu sana. "Siwezi kubeba ndoo" inaeleweka kwa lugha zote.

Usisubiri kabisa kama kuna homa, usaha, kovu linavimba au kufunguka, tumbo limekuwa gumu, unatapika, unatokwa damu, au mguu umevimba upande mmoja. Hizo ni za kwenda leo leo, hata kama ni usiku.

Kama hizo hazipo na umeshachunguzwa, kazi inakuwa ya kupunguza maumivu, siyo kuyafuta kwa siku moja. Panado kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na hata hivyo kwa maumivu ya neva mara nyingi haifui dafu. Brufen haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, na inamezwa baada ya kula. Kuna dawa inaitwa amitriptilini, inamezwa usiku kwa kipimo kidogo, inatuliza neva na kuleta usingizi. Dawa hiyo inatumika pia kwa wenye huzuni kubwa, kwa hiyo ukipewa usiseme wameniona kichaa. Inaandikwa na mtabibu, inahitaji wiki kadhaa, na hukatishi ghafla bila kumuuliza. Vidonge vinavyouzwa sokoni bila boksi, achana navyo.

Mengine hayahitaji duka. Gawa kazi: nusu ndoo mara mbili ni bora kuliko ndoo nzima halafu siku mbili kitandani. Tembea kila siku kidogo kidogo, kwa sababu kulala tu kunakaza mwili. Gusa kovu lililopona taratibu, kwa kitambaa laini kwanza, kisha kigumu kidogo, ili neva zizoee. Kwa waliokatwa mguu au mkono, kuna mazoezi ya kioo yaliyoanzishwa na Ramachandran miaka ya 1990: unaweka kioo pembeni, unatazama kiungo kizima kikijitikisa kama vile ni viwili. Hayamsaidii kila mtu, lakini kioo ni cha bei nafuu, kujaribu kunawezekana hata hapa.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika: mama anayesema anaumia mwaka baada ya kupasuliwa anawaambia kitu ambacho kimo kwenye vitabu vyenu. Mpeni kiti kwenye foleni siku ya kugawa msaada. Mtafuteni mkalimani wa kike, maana kuna kovu ambalo mama hawezi kumwelezea kijana. Na tusianze na swali la kwamba anataka kusafiri. Hata kama anataka kusafiri, nani hapa hataki? Kutaka kuondoka hakuzuii tumbo kuuma.

Mahali hapa tunapoishi palikuwa gereza la kisiasa wakati wa Kamuzu Banda, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Inasemekana jina Dzaleka lilitokana na wafungwa, kama kusema "nitaacha, sitarudia". Palijengwa pawe mahali pa mtu kuumia na kunyamaza. Sasa tuko zaidi ya watu 50,000, na nadhani kunyamaza tumenyamaza vya kutosha.

Tulirudi Lilongwe mwezi uliofuata. Safari hii niliongozana na dada mmoja anayejua Chichewa kuliko mimi, yeye akaingia na mama mdogo, mimi nikabaki nje. Alitafsiri neno kwa neno: moto, pilipili, nguo, ganzi. Mtabibu alichukua pamba, akapitisha pole pole juu ya kovu, mama akaruka. Akachora kwa kalamu sehemu inayowaka na sehemu iliyokufa. Akamwambia kwamba ni neva, kwamba siyo mkasi, na kwamba anamwamini.

Amepewa dawa ya usiku. Maumivu hayajaisha. Lakini analala, na juzi nimemkuta anabeba nusu ndoo huku anamgombeza mtoto kwa ajili ya sukari. Nilimuomba msamaha kwa ile siku ya kwanza. Akacheka, akasema, "Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake."